Sadaka Iliyodai Chenji

Karakanani walimwita Mama Kufuli, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Mafundi walimpa siku alipokataa kumlipa fundi bomba ambaye kila mtu alimwona akitengeneza bomba, ila hakuna aliyejua anaishi wapi wala anaitwa nani.

"Maji si yanatoka, mama?" Fundi Cheche, mkuu wa wachomeleaji, alimwambia. "Ushahidi gani mwingine unautaka? Bomba liape?"

"Bomba silo linalolipwa," alijibu. "Anayelipwa ana jina. Mlete na jina lake."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, na kufuli likabaki kufuli.

Alikuwa mjane, mhasibu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka mingi nyuma ya kioo cha benki, na kioo kile kilimfundisha kwamba mwizi asiyejua kazi huja akitoka jasho, na anayeijua huja akinukia marashi. Aliyoyajifunza pale alirudi nayo nyumbani kama moshi kwenye nguo. Mwanawe alipomletea kitenge siku moja bila sababu, badala ya kushukuru alimuuliza, "Umefanya nini?" Kijana akaapa hajafanya kitu. Mama alikitazama kile kitenge wiki nzima kabla ya kukivaa.

Wakfu aliofanyia kazi ulianzishwa na kaka yake mkubwa, daktari mstaafu ambaye hata mkewe alimwita Daktari. Walitengeneza viti vya magurudumu kwa watoto wasioweza kutembea, ndani ya ghala kuukuu la mbao lililonuka chuma kilichoungua na gundi ya mpira. Ofisi ya Mama Kufuli ilikuwa chumba cha pembeni, chenye dirisha lililotazama karakana. Aliona kila aliyeingia kabla hajaonwa.

Walikuwa na desturi yao. Kila Alhamisi mashine zilizimwa, Daktari na dada yake wakasimama kwenye meza ya kazi, katikati ya vipande vya mabomba na matairi, na kila hundi iliyotaka kutoka ikasomwa kwa sauti. Mmoja alitaja analipwa nani, mwingine akataja analipwa kwa nini, na yeyote mwenye swali aliuliza, awe fundi au mfagizi. Daktari ndiye aliyeianzisha, zamani, mafundi waliponong'ona kwamba fedha za wafadhili zinaliwa ofisini. "Basi tusomeane," alisema. "Fedha ya hisani ikiona haya kusikika, tusiilipe." Baada ya kusoma, wawili hao walitia saini palepale, mikono ikiwa na vumbi.

Kisha figo za Daktari zikaanza kumwacha moja moja, kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Akawa wa kulazwa mara kwa mara, damu yake ikizungushwa kwenye mashine na kurudishwa, na akitoka hapo hana nguvu hata ya kufunga kifungo cha shati. Alhamisi moja ikarukwa. Ya pili ikarukwa. Mwenye duka la vyuma akaanza kudai, na siku hiyo Daktari akamwita dada yake nyumbani, akachukua kitabu cha hundi, akatia saini yake kwenye hundi tupu, moja baada ya nyingine.

"Utazijaza wewe," alisema.

"Kaka, hivi sivyo."

"Ugonjwa haungoji Alhamisi, mdogo wangu. Wewe ni damu yangu. Nisipokuamini wewe, nimwamini nani?"

Alilijua neno hilo. Kule benki, kila kisa cha fedha kupotea kilianza na sentensi hiyo. Lakini aliuona mkono wa kaka yake ulivyokonda juu ya karatasi, akashindwa kusema la pili. Akazichukua, akazifungia kwenye droo, na kuanzia hapo kila alipopita karibu na droo ile alihisi kama kuna mtu amelala ndani yake, macho wazi.

Mfadhili alikuja msimu ambao mwenye ghala alipandisha kodi na kuwaambia walipe au wahame. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, shati limenyooshwa, viatu havina vumbi ingawa uani kulikuwa na vumbi la kufika kwenye vifundo vya miguu. Alipiga goti mbele ya mtoto aliyekuwa akijaribu kiti kipya, akafuta machozi kwa leso iliyokunjwa vizuri. Haukupita muda, fedha zikaingia kwenye akaunti ya wakfu, nyingi kuliko walizowahi kuziona kwa pamoja.

"Huyu si mtu," Fundi Cheche alisema. "Huyu ni mvua." Wakambandika jina la Mkarimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama Kufuli naye alifurahi, ila furaha yake ilichungulia kwanza kabla ya kuingia. Mkarimu alipokuja kunywa nao chai, alimuuliza, "Na biashara yako ni ipi, ndugu yangu?"

"Pampu za maji, mama. Watu wanakunywa, mimi nakula."

Karakana nzima iliangua kicheko. Yeye alicheka akiwa amechelewa kidogo, na Mkarimu akamtazama. Alikuwa ameona kule kuchelewa.

Siku iliyofuata Mama Kufuli alikwenda kulitafuta duka la pampu la Mkarimu. Lilikuwepo, kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, na pampu zilikuwa zimepangwa mbele kama meno. Muuzaji alikuwa akicheza na simu.

"Hii bei gani, kijana wangu?"

Muuzaji aliitazama pampu kama anayeiona kwa mara ya kwanza. "Wewe una kiasi gani?"

"Inavuta maji kwenye kisima kirefu?"

"Inavuta tu, mama. Ukiiwasha inavuta."

Aliweka kidole chini ya boksi moja kwenye rafu, akalisukuma juu. Likainuka kama karatasi. Ndani hamkuwa na kitu. Vumbi la juu ya maboksi lilikuwa limelala kwa utulivu wa mahali ambapo hakuna aliyewahi kununua chochote.

Alimpelekea kaka yake habari hizo. Daktari alicheka, akacheka mpaka akakohoa. "Wewe hata ukiingia peponi utauliza mto wa maziwa unalipiwa na nani."

"Na nisipojibiwa sitakunywa," alisema. Lakini hakuchukua hatua. Kodi ya ghala ilikuwa imelipwa, watoto wanapimwa viti, na yeye alikuwa amechoka kuwa wingu kwenye kila harusi.

Ndipo Mkarimu akapiga simu. Alianza kwa kuulizia afya za wote. Kisha, kwa aibu nzuri ya mtu mstaarabu, akaeleza kwamba karani wake alikosea. Katika zile fedha zilichanganyika nyingine zilizokuwa za shughuli tofauti kabisa. Wakfu ubaki na fungu lake nono, hilo ni la watoto, asiliguse mtu. Ila kilichozidi kirudishwe. Wala kisirudi kwake, maana kingemsumbua. Kiende moja kwa moja kwenye kampuni ya rafiki yake, hapahapa mjini, jina angelituma.

"Nimekuelewa," Mama Kufuli alisema. "Inabidi tukae, tujadiliane."

"Mjadiliane nini tena, mama? Hundi si zimeshatiwa saini? Ni kujaza tu."

Simu ilikatika, yeye akabaki ameishika sikioni. Dirishani, cheche zilikuwa zikiruka kwenye karakana kama kawaida. Nani amemwambia?

Siku zilizofuata alimtazama kila mtu kama anayetafuta doa kwenye nguo nyeupe. Mfagizi alifuta meza ya droo polepole mno. Mlinzi alikuwa na simu mpya. Fundi Cheche alikuja na buti za kung'oa macho, ngozi yake ingali inanuka duka.

"Buti nzuri," alimwambia. "Umezipata wapi?"

"Dukani, mama. Siku hizi wanawauzia hata watu wazima."

"Na fedha?"

Cheche aliweka chini kifaa chake. Utani ukamtoka usoni. "Mkwe wangu kanipa. Umpigie? Au niende nikamlete na jina lake?"

Aliomba radhi, na radhi haikufika mbali. Aliporudi ofisini alikaa akaitazama droo, akafikiri upya, taratibu, kama zamani kule kwenye kioo. Mfagizi hakujua kuhusu zile hundi. Mlinzi hakujua. Cheche hakujua, maana angejua angeshasema mbele ya watu wote. Waliojua walikuwa wawili. Yeye, na kaka yake. Wazo hilo liliingia bila kubisha hodi, likakaa.

Wifi yake ndiye aliyemfungulia mlango. Daktari alikuwa kwenye kiti chake, miguu iliyovimba imewekwa juu ya kigoda.

"Kaka, nani amemwambia Mkarimu kuhusu hundi?"

"Mimi," alisema, bila hata kusita. "Alikuja hospitali. Alikaa na mimi mpaka mashine ikazimwa. Wewe siku hiyo hukuja."

"Nilikuwa kazini kwako."

"Najua ulipokuwa. Sikulaumu." Alijipapasa goti. "Ana watu ng'ambo. Hospitali ya figo. Kitanda kipo, tiketi ipo, gharama zote juu yake. Hajaomba kitu zaidi ya kurudishiwa kilichozidi."

Sasa alikuwa amefika chini ya kisima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya huyu ilikuwa imefungwa kwenye mbavu za kaka yake. Figo ya Mama Kufuli mwenyewe ilikuwa imepimwa zamani na kukataliwa, kwa sababu ya sukari. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Na hiyo figo," aliuliza, "ni ya nani?"

Daktari aliinamisha macho kwenye miguu yake.

"Kaka, wewe ni daktari. Hukuuliza figo inatoka kwa nani?"

"Sikuuliza."

Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi. "Wifi yangu," alisema, "kuna kufuli huwafungia watu ndani nyumba ikiungua."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa halikusemwa kwa hasira. Akavuta stuli, akakaa karibu na miguu ile iliyovimba, akasema na kaka yake kwa sauti ya chini kama wanaohesabia mgonjwa pumzi. Akamwambia kwamba fedha ile ilikuwa chafu na ilitafuta mahali pa kuoga, na wakfu wa watoto ndio bafu safi kuliko yote mjini. Ikiingia kwao ni fedha ya mtu asiyejua bei ya pampu. Ikitoka kwao ni fedha ya hisani, haina harufu. "Na siku watakapokuja kuuliza, hawataziuliza pampu. Wataiuliza saini. Saini ni yako, kaka."

"Watamfunga maiti?"

"Kitanda hicho kikikuponya, watakukuta hai."

"Basi heri nifungwe nikiwa hai," alisema Daktari, na hakuna aliyecheka.

Dada yake alisimama kuondoka. Mlangoni alisema, "Kesho ni Alhamisi. Kama unataka ilipwe, njoo uisome."

Alikuja. Aliletwa na gari, akaingia na mkongojo, na mafundi walipomwona walizima mashine bila kuambiwa. Walikuwa hawajasomeana kwa muda mrefu, wakajipanga kuizunguka meza kama watu waliokosa chakula walichokizoea. Mama Kufuli aliweka mezani zile hundi tupu zenye saini. Kando yake akaweka kipande cha karatasi chenye jina la kampuni. Aliomba moyoni kaka yake asome, na aliomba asisome.

Daktari alilitaja jina la kampuni. Sauti yake ilikuwa bado nzuri.

"Ya nini?" dada yake akauliza, kama desturi ilivyotaka.

"Marejesho."

"Ya kitu gani, Daktari?" Cheche akauliza, kwa heshima kabisa.

"Ya ile sadaka. Ilizidi."

Cheche, ambaye hakuwa na nia mbaya, akakuna kichwa. "Sadaka ina chenji?"

Kicheko kikalipuka mpaka kwenye mabati. Kikaenda, kikarudi, kikafifia, kwa sababu Daktari hakuwa anacheka. Sauti moja nyuma ikasema, "Kama ilizidi, si irudi kwake mwenyewe, kwa njia ileile iliyojia? Huyu mwingine anaingiaje?" Daktari alikuwa akimtazama mtoto aliyekaa kwenye kiti kisichopakwa rangi bado, mtoto aliyekuwa anahangaika na breki na hamjali mtu.

Akaomba kalamu. Akazichora hundi zile, mstari juu ya kila saini, polepole, na kila mstari ulimtoa jasho. Alipomaliza alimrudishia dada yake kalamu.

"Umeridhika?"

Hakuwa ameridhika. Alikwenda benki siku hiyohiyo.

Afisa aliyempokea alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu, kisha akasikia habari ya meza ya karakana na uso ukambadilika. "Mmeisoma mbele ya watu wote?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Fanyeni hivyo kwa hundi za misumari, mama. Jambo kama hili unakuja kwangu kwanza, na unanyamaza. Mmoja wao akiropoka, huyu mtu anapotea na sisi tunabaki na maboksi." Alikuwa na haki, na Mama Kufuli, aliyejiona mwerevu kwa wiki nzima, aliinama akakubali. Aliagizwa asiiguse fedha ile hata kidogo, asirudishe chochote kwa yeyote, na Mkarimu akipiga, asimwambie kwamba amefika benki.

Hivyo akawa mwongo kwa amri. "Tunashughulikia, ndugu yangu," alisema kila simu ilipoita. "Daktari bado hajapata nafuu. Tunashughulikia." Alisikia ustaarabu wa mtu yule ukichakaa siku hadi siku, mpaka chini yake kukatokea kitu kigumu. Siku moja hakusalimia. Alisema tu, "Mama, unarudi nyumbani kwa miguu, sivyo?" akakata. Baada ya hapo alibadili njia. Mtu aliyesimama kwenye kona na gazeti alikuwa mtu wa gazeti, au hakuwa. Mwanamke aliyepanda ngazi nyuma yake alikuwa jirani, au hakuwa. Maisha yake yote alikuwa amewashuku watu, na sasa alijua kushukiwa kunavyonuka kunapokurudia.

Fedha zikazuiwa. Maafisa wakaja, wakauliza, wakaandika, wakaenda kwa Daktari nao wakauliza, naye akawaeleza yote, pamoja na hundi alizosaini tupu, bila kujitetea. Duka la pampu likakutwa limefungwa, bango limeng'olewa, matundu ya misumari yakibaki ukutani. Mkarimu hakupatikana.

Wakfu haukufa, ila ulipungua. Kodi ikawashinda, wakahamia kwenye gereji ndogo ambamo mtu akichomelea mwingine lazima atoke. Mishahara ikakatwa. Wakaongeza mtu wa tatu wa kutia saini, ili ugonjwa wa mmoja usiwe tena sababu ya saini kutangulia maneno, na mtu huyo akawa Fundi Cheche, aliyefanya mazoezi ya saini yake ukutani kwa chaki kwa muda mrefu mpaka wakamsihi aache. Mfadhili yeyote mpya alitembelewa kwake kwanza, ndipo akashukuriwa. Na fedha ya kurudishwa ilirudi ilikotoka, au ilibaki.

Daktari alizidi kukonda. Dada yake sasa hakukosa siku hata moja ya mashine. Alikaa kando ya kitanda, akiitazama damu ikienda na kurudi kwenye mirija, na kaka yake alizungumza naye juu ya mvua, juu ya bei ya vitu, juu ya jirani aliyefuga bata. Hawakutaja kitanda kile. Akiwa hapo aliwahi kujiuliza swali ambalo hakulipenda: alikuwa ameulinda wakfu na jina la kaka yake, au alikuwa amelinda raha ya kuwa sahihi? Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Methali haikusema analia nani mwana akiwa ni kaka yako, na kilio chenyewe ni pumzi.

Mchana mmoja alikuwa gerejini, simu ikaita. Ilikuwa ya Daktari, ambaye hakuwa na kawaida ya kupiga.

"Amepiga," alisema.

"Nani?"

"Unajua nani. Namba nyingine, sauti ileile. Anasema kitanda bado kipo. Safari hii hataki wakfu wala hundi. Anataka niandike tu kwamba zile fedha nilijua zinakotoka, na kwamba ni halali."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema nitafikiri." Alivuta pumzi, na ilichukua muda kufika. "Halafu nimekupigia wewe kabla sijaanza. Wifi yako ametoka. Njoo ukae hapa, mdogo wangu. Nikibaki peke yangu nitafikiri."

Alichukua mkoba, akampita Cheche bila kumjibu alipomuuliza kuna nini. Barabarani alitembea haraka, kisha akajikuta anakimbia, mwanamke mzima, miwani ikimpiga kifuani. Hakugeuka kutazama nyuma kama kuna anayemfuata. Alichoogopa kilikuwa mbele, kwenye chumba kile chenye kigoda, pale ambapo simu ingeweza kuita tena kabla yeye hajafika.